Kokugonza Aliyejililia Msiba

Sikilizeni, watu wa Kwa Mgeni, niwape habari za zama zile ambapo kijiji hiki hakikuwa na mgomba hata mmoja, na mlima huu ulio juu yetu ulikuwa mali ya jeshi. Mnajiita watu wa Kwa Mgeni, na wengi wenu hamjui mgeni mwenyewe alikuwa nani. Jina lake hutajwa katika kisa hiki tu. Kisa kikiisha, liacheni papa hapa.

Alikuwa Kokugonza, binti Rwechungura, mwana wa Kyaruzi, mwana wa Ishengoma Mfyeka-Msitu, aliyekuja Nyabugozi ng'ambo ya mlima na shoka moja na mke mkali, na watu hadi leo hawajaafikiana ni kipi kati ya hivyo viwili kilichouangusha msitu. Mama yake alikuwa Kemilembe, mjane, ambaye hakuwa na mtoto mwingine. Wenzake walirithi ng'ombe; Kokugonza alirithi macho.

Vita vilipozuka na ndege za adui zikaanza kuunguza miji, jeshi la anga lilijenga kituo cha rada kileleni, likaandikisha vijana wa kukaa mbele ya kioo chake. Kioo kile kilikuwa cheusi, cha duara, na mstari wa kijani ulikizunguka bila kuchoka. Kitu kilichokuwa angani, mbali kuliko macho ya mtu yanavyofika, kilionekana humo kama punje ya mtama. Wengine walikikodolea wakasinzia. Kokugonza alikitazama kama mama atazamavyo maziwa yaliyo motoni, asije akageuka kidogo tu yakafurika. Wakamwita Asiyepepesa, wakamwita Jicho la Mlima, naye hakuyajali majina hayo. Alikuwa na haja moja, ambayo aliwaambia wote waliomuuliza: vita viishe, arudi kulala jikoni kwa mama yake.

Hata hivyo, shujaa naye hukosea. Msimu wake wa kwanza wa senene, wingu kubwa lilijaa kwenye kioo, naye akatangaza kwamba adui anakuja kwa wingi usiohesabika. Wapiga mizinga wakakaa tayari mpaka panzi wale wa kijani walipoanza kuwaangukia vichwani. Jeshi zima lilicheka, kisha likawakaanga. Tangu siku ile alijua sura ya senene kwenye rada, na kila walipokuja aliwatangazia watu wa kwao kwa kipaza sauti cha kituo, kwa idhini ya Meja Lugendo, mkuu wa kituo, ambaye naye alikuwa ameshaonja. Watu wa Nyabugozi wakawa wa kwanza katika nchi yote kufika kwenye uwanda wa nyasi na vikapu vyao. Wanawake waliokota, wanaume wakala, kwani ndivyo mila ilivyokuwa wakati huo, na msiniulize nani aliitunga.

Ukaja mwaka wa njaa. Asubuhi moja, jua likiwa limechomoza, wingu liliingia kwenye kioo, na Kokugonza akatangaza kwa furaha: "Senene wanashuka! Tokeni nyote!" Wakatoka wote, wazee, wajawazito na watoto wa mgongoni, wakatapakaa uwandani ambako hapakuwa na mti wala kichaka, na mama yake akiwa katikati yao.

Ndipo alipoziona. Senene huenda na upepo, hawana ubishi nao. Lakini ndani ya wingu lile palikuwa na punje chache zilizokuja kinyume cha upepo, kwa mwendo ulionyooka. Adui alikuwa amejificha nyuma ya senene. Na watu wale uwandani, ni yeye aliyewaita.

Akapaza sauti, "Afande, ndege!" Meja akaamuru mizinga na king'ora. King'ora kikalia. Watu wakainua vichwa, wakaviinamisha tena, maana kilikuwa kimelia mara nyingi kwa mazoezi, na tangu dunia iumbwe hakuna kelele iliyomtoa mwenye njaa kwenye senene. Kokugonza akawasihi kwa kipaza sauti wakimbie. Wakadhani anawataka waharakishe kuokota.

Katika mila ya Nyabugozi palikuwa na sauti moja tu iliyoweza kuangusha kikapu mkononi, nayo ni kilio cha msiba. Kikisikika, aliye shambani huacha jembe na wote hukimbilia nyumbani kwa marehemu, ndani ya migomba. Lakini mwiko nao ulikuwa mmoja, usio na mlango wa nyuma: mtu akililiwa angali hai, haingii tena kwao, kwa sababu kifo kilichoitwa humfuata hadi mlangoni na kuwachukua waliomo ndani. Angeweza kutaja jina la ajuza yeyote. Akaona kwamba atakayemtaja ndiye atakayefukuzwa.

Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akalia.

"Uwii! Uwii! Kokugonza wa Rwechungura amekufa! Kimbilieni kwa Kemilembe!"

Vikapu vikaanguka. Uwanda ukawa mtupu, na migomba ikawafunika. Ndege zilipotokea zilikuta nyasi na senene, zikamwaga mabomu juu ya vikapu, na mizinga ikaiangusha mojawapo. Hakufa mtu.

Meja Lugendo alikuwa mtu wa pwani, mwenye huruma. Akamwambia, "Nitakwenda mwenyewe kuwaeleza wazee kwamba ilikuwa mbinu ya vita."

"Mbinu ni ya vita, afande," alijibu Kokugonza. "Kilio ni cha kwetu."

Wazee waliujua ukweli kabla ya jioni, na hawakuubadilisha mwiko. Walikata gogo la mgomba, wakalivika sanda, wakalizika uani kwa Kemilembe. Kokugonza aliyatazama mazishi yake akiwa mlimani, akamwona mama yake akirusha udongo wa kwanza. Aliumia, na hakuficha kwamba ameumia. Kisha akarudi kwenye kioo, maana vita vilikuwa bado.

Vilipokwisha, alishuka kwa upande huu, akajenga kibanda peke yake. Siku ya pili mama yake alifika, mche wa mgomba kichwani.

"Hodi. Nimesikia kuna mgeni."

"Karibu, mama."

"Mgeni hawezi kuishi bila mgomba. Chimba shimo."

Wakapanda pamoja. Kemilembe alimwita Mgeni mpaka alipofariki, na hata siku moja hakuteleza ulimi. Wakaja waliochomewa nyumba na vita, wakaja wajane na mayatima, naye Kokugonza akamkatia kila mmoja mche kutoka katika shina lile. Hao ndio nyinyi. Yeye ndiye aliyeamuru wanawake wa hapa wale senene, na kwamba wanapoanguka, mwanamke mmoja asiiname, bali asimame akitazama juu, na kikapu chake wakijaze wenzake.

Alipokufa akiwa mzee sana, hakuna aliyepiga kilio, kwani kilio chake kilikuwa kimekwisha kupigwa. Mwiko ulimkataza aliye hai, maiti haukuitaja. Basi mababu zenu walimbeba wakiwa kimya, wakauzunguka mlima hadi Nyabugozi, wakasimama mbele ya nyumba ambayo kwa miaka mingi haikuwa na mtu.

"Hodi, Kemilembe," walisema. "Kokugonza amerudi."

Wakamwingiza kwa mlango wa mbele, wakamlaza jikoni usiku mmoja, na asubuhi wakamzika katika kaburi lake.