Banda Lililotazama Barabara

Katika ukoo wa Lwitiko, fundi mwashi, hakuna mtu aliyewahi kumiliki mnyama mrefu kuliko mbuzi. Babu yake alifuga kuku. Baba yake alifuga mbuzi, na hao nao hawakudumu. Kwa hiyo siku Lwitiko alipoingia kijijini akimvuta farasi jike wa rangi ya kahawia, alichagua njia ndefu, ile inayopita sokoni na mbele ya kanisa, ingawa nyumba yake iko upande wa pili kabisa. Wala msimcheke. Nani kati yetu angepita njia ya mkato?

Farasi huyo alikuwa ujira wake. Lwitiko alimjengea nyumba Mama Sekela, mjane mwenye shamba la ngano huko juu mlimani, na nyumba ilipokwisha mjane akampa farasi aliyemlea mwenyewe tangu akiwa mtoto. Alipomkabidhi kamba alimweleza mambo machache. Chakula cha farasi ni majani, tena majani ya kutwa nzima. Nafaka ni ya kuonja tu. Na farasi lazima atembee, la sivyo tumbo lake hufunga. Lwitiko aliitikia kila neno, "Ndiyo, mama," huku macho yake yako kwenye ile shingo ndefu, akiwaza itakavyoonekana mbele za watu.

Akajenga banda. Matofali aliyachoma mwenyewe, kuta akazinyoosha kwa pimamaji na uzi, sakafu akaisugua kwa saruji mpaka ikang'aa. Mlango aliuweka upande wa barabara, mpana, wenye tao juu, akaupaka rangi ya samawati. Nyuma ya banda kulikuwa na mteremko wa majani mazuri unaoshuka hadi kijitoni, na upande huo akajenga ukuta mtupu, bila hata dirisha, maana huko hapiti mtu. Farasi akafungwa mlangoni, kichwa nje. Kila mpita njia alimwona yeye kabla ya kumwona mwenye nyumba, na Lwitiko aliona hilo ni sawa kabisa.

Watu wakaja. Na desturi ya huko ni kama ya kwetu: huendi kutazama jambo jipya la jirani mikono mitupu. Ukienda kumwona mtoto mchanga unabeba sabuni au sukari. Farasi je, utampelekea nini? Mahindi. Huyu alikuja na konzi, yule na bakuli, mama mmoja wa kwaya akaja na ndoo ya pumba kichwani. "Tumekuja kumwona mgeni wenu," walisema, wakamlisha kwa mikono yao, naye akala. Kila alipokula walimsifu, na kila walipomsifu Lwitiko alihisi kifua kinajaa. Hakumkataza mtu. Utamkatazaje mtu aliyekuja kukuheshimu?

Mkewe Atupele ndiye aliyeuliza, siku moja akifagia banda. "Baba Ambakisye, hivi huyu mnyama anakula saa ngapi?"

"Anakula wageni wakija," Lwitiko akajibu, na alijibu kwa majivuno.

Majani aliacha kuyakata. Malishoni hakumpeleka, kwa sababu wageni wangefika wakute banda tupu, na hiyo ingekuwa aibu.

Jumapili moja watu walipotoka kanisani walipitia kwake wote, wakubwa kwa wadogo, wakamlisha wakicheka na kusukumana. Walipokwisha kuondoka, farasi aligeuza shingo akautazama ubavu wake. Akajipiga tumbo kwa mguu wa nyuma. Akalala, akagaagaa juu ya ile saruji iliyong'aa, akaamka ameloa jasho, akalala tena. Lwitiko akaingiwa na hofu. Watu wakarudi mbio, wakasema ni kijicho, mnyama ametazamwa kupita kiasi. Na niwaambie ukweli wa mtu yule: hata katikati ya hofu, neno hilo lilimfariji kidogo. Ni nani aliyewahi kuwaonea kijicho watu wa ukoo wake?

Atupele hakungoja maneno yaishe. Alimtuma mwenye pikipiki amlete daktari wa mifugo, kisha ampitie Mama Sekela. Mjane alipofika hakusalimu mtu. Aliweka sikio kwenye ubavu wa farasi, akasikiliza, akaenda kwenye hori, akachota mkononi kilichobaki humo.

"Si kijicho, fundi," akasema. "Ni mahindi. Na farasi hajaumbwa kutapika. Kila mlichomtia kwa furaha yenu kimo humo ndani, na hana pa kukirudisha."

Mama wa kwaya alitazama chini.

Daktari akamtia mafuta kwa mpira uliopitia puani, akasema chakula kiondolewe chote, naye atembezwe polepole asije akagaagaa tena. Lwitiko akashika kamba. Njia ya kutembezea ilikuwa ile ile, ya sokoni na kanisani, na watu wale wale walikuwa wamesimama vibarazani. Safari hii hakuna aliyesifu kitu. Kichwa cha farasi kilining'inia karibu na magoti, na shati la Lwitiko lilikuwa limegandamana mgongoni kwa jasho na vumbi. Alikwenda na kurudi, akamnong'oneza mnyama asife, asife tafadhali. Hakukumbuka tena kuitazama ile shingo. Alimwomba Mungu kitu kimoja, mavi. Mnisamehe kulitaja neno hilo mahali hapa, lakini ndicho alichoomba, kwa sababu mjane alikuwa amemwambia kwamba yakitoka, ataishi.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipofika tena nyuma ya soko. Farasi akasimama, akainua mkia, yakatoka. Lwitiko aliyatazama akalia. Aliinama akayagusa kwa mkono yakiwa bado ya moto, akamwita Atupele aje aone. Tangu amlete farasi kijijini hakuwahi kujivuna namna ile, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumpongeza isipokuwa mkewe, aliyekuwa ameshika kiuno na anacheka machozi yakimtoka.

Mnyama alipopata nguvu, Lwitiko alichukua nyundo yake. Alibomoa ukuta wa nyuma, akafungua mlango kuelekea kwenye mteremko wa majani. Matofali yaliyotoka huko akayatumia kuuziba mlango wa barabarani, tao na yote. Hakuupaka rangi. Juu ya sakafu yake nzuri akatandaza mabua makavu, mengi, mpaka saruji haikuonekana tena. Waliokuja na mahindi aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa moyo, akawamwagia kuku. Farasi alikuwa bondeni anakula majani.

Wengine walinuna. Walisema fundi ameanza maringo, amemficha mnyama wake kama vile watu wana sumu mikononi. Mama wa kwaya hakurudi tena. Lwitiko aliyasikia yote, na yalimuuma, kwa sababu ni mtu anayependa kupendwa. Hata hivyo mlango hakuufungua.

Ukipita barabara ile leo utaona ukuta wa matofali usio na dirisha, utadhani ni ghala la mtu bahili. Ngozi ya farasi inang'aa kuliko zamani, na inang'aa upande ambako hapiti mtu. Lakini jioni Lwitiko akirudi kazini, akiufikia ukuta ule hupunguza mwendo, akainua kichwa, akapita mbele yake kama alivyopita sokoni siku ile ya kwanza.

Nanyi mlioketi hapa, kila mmoja amekabidhiwa kitu kilicho hai akitunze ndani yake: je, mlango wake mmeuelekeza barabarani, au malishoni?