Jani Alilokula Konokono

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Tuambie, tupajue!

Hapo zamani za kale, kale kabisa, alikuwako mjane aitwaye Bi Mishi. Hakujaliwa mtoto. Alikuwa na Kobe, aliyeachiwa na marehemu mumewe, na alikuwa na Mbuzi. Alimpenda Kobe kupita kiasi, kwa kuwa ni yeye tu aliyebaki wa kukumbuka naye siku za ujana wake.

Siku moja Bi Mishi akaitwa kwa dada yake, aliyekaribia kujifungua. Akamwambia Mbuzi:

"Mwanangu, nitakuwa huko siku tatu. Mlishe Kobe. Magugu yamejaa shambani, na mengi ni chakula chake. Lakini ufuate mpangilio huu. Kwanza, ling'oe gugu zima, tangu mzizi hadi ua, ulitambue. Pili, lisuuze. Tatu, ndipo umpe. Gugu usilolijua, liache lilipo."

"Nimesikia, mama. Mimi na majani! Nani wa kunifunza?"

Siku ya kwanza Mbuzi akaenda shambani. Akang'oa mchunga, wenye ua la manjano na utomvu mweupe. Akautambua, akauonja, akausuuza, akampelekea Kobe huku akiimba:

*Kobe, Kobe, kula taratibu,*
*Aliyeonja ni mimi, jirani yako.*

Kobe akala, akashiba.

Siku ya pili Mbuzi akaenda shambani. Akang'oa gugu liitwalo kongwe, lenye ua la buluu. Akalitambua, akalionja, akalisuuza, akampelekea Kobe huku akiimba:

*Kobe, Kobe, kula taratibu,*
*Aliyeonja ni mimi, jirani yako.*

Kobe akala, akashiba.

Siku ya tatu jua likawa kali, na shamba likaonekana mbali. Karibu na jaa la takataka palikuwa pameota mnanaha, wenye majani mapana, maua meupe marefu na matunda ya miiba. Mbuzi hakuujua. Akaunusa, akageuza pua. Mara akamwona Konokono juu ya jani, anatafuna.

"Wewe Konokono, hujafa tu?"

"Nife kwa nini? Nalila jani hili tangu mvua za vuli."

"Basi! Wewe una nyumba mgongoni, na Kobe ana nyumba mgongoni. Nyinyi ni ndugu, tumbo lenu ni moja."

"Udugu wa wapi huo? Mwenzangu ana miguu minne, mimi sina hata kidole!"

Mbuzi akacheka. Akachuma majani matupu, bila ua, bila mzizi. Akaenda akiimba:

*Kobe, Kobe, kula taratibu,*
*Aliyeonja ni ndugu yako.*

Kobe akasita. "Mbuzi, wewe umelionja?"

"Konokono analila tangu vuli, naye ni mzima. Unataka shahidi gani tena?"

Kobe akawaza: juzi alisema kweli, na jana alisema kweli. Akauma mara ya kwanza, akameza. Akauma mara ya pili, akameza. Akauma mara ya tatu, miguu ikamlegea.

Alasiri Bi Mishi akarejea, akiita tangu mlangoni: "Kobe! Dada amejifungua salama!"

Kobe hakuinua kichwa. Bi Mishi akaokota jani lililobaki, akalitambua: ni la mnanaha, lenye sumu.

"Mbuzi, hili umelitoa wapi?"

Mbuzi akamweleza yote, neno kwa neno.

"Na wewe ulilila?"

"Sikulila, mama."

"Kwa nini?"

"Lilininukia vibaya."

Bi Mishi akasema, "Pua yako ilikuonya, ukajilinda wewe. Mwenzio ukamtafutia shahidi."

Akampeleka Kobe kivulini, akamlowesha kinywa kwa maji. Kobe akamtazama, akaingiza kichwa ndani ya gamba, asikitoe tena.

Bi Mishi hakumpiga Mbuzi. Alitwaa kamba, akamfunga shingoni. Ndiyo maana hadi leo mbuzi hufungwa, akala pale tu inapofika kamba yake.

Wasikilizaji wangu, gugu halina ubaya kwa kuwa ni gugu, wala halina usalama kwa kuwa mwingine amelila. Litambue kwanza, na ulipime kwa tumbo la atakayelila. Na unachokikataa kinywani mwako, usikipeleke kinywani mwa aliyekuamini.

Ngano yangu naitua hapa. Anayeihitaji na aichukue, aende nayo kwake.