Matanga Nyumbani kwa Ndovu

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, moshi ulitanda bondeni hata jua likawa linapita juu kama ndizi mbivu ndani ya maziwa. Nyuki wakahama. Mtoto wa Ndovu akawa halali kwa kukohoa, koho, koho, koho, kama mtu agongaye mlango katika ndoto.

Ndovu, mkubwa wa bonde, akamwita Bi Pimbi, yule mdogo akaaye miambani na ukoo wake.

"Bi Pimbi, mmezaana mno. Kila pango vichwa, vichwa. Moshi wote huu ni wenu. Hameni, mwanangu apone."

"Tumesikia, baba," akasema Bi Pimbi, na macho yake yakatembea taratibu uani kwa Ndovu. Hapa moto wa kukausha masikio. Pale moto wa kufukuza mbu. Kule moto wa maji ya kuoga. Na ule mkubwa wa langoni haukupika kitu, uliwaka tu wapita njia wajue hapa pana mwenye mali. Kuni zote mbichi, maana Ndovu aking'oa mti leo, leo hiyo hiyo autia motoni. Fuuu, fuuu, moshi mzito.

"Tutahama. Lakini kuhama ni msiba, baba. Tukae matanga kwanza, hapa kwako, kwa mkubwa wetu. Sisi tutapika, nyinyi mtaletewa."

"Mtaleta nini?"

"Viazi, mbaazi, ugali wa mtama."

Ndovu akameza mate. "Basi matanga na yakaliwe."

"Ila mila unaijua. Nyumba yenye matanga haikoki moto."

"Kwani mimi mgeni hapa?" Akajaza mkonga maji, akaimwagia mioto yake yote. Chwaaa. Chwaaa.

Kule miambani pimbi wote, wazee kwa watoto, wakapika kwenye jiko lao lile lile moja, kwa vijiti vikavu. Chungu kikishuka, kingine kinapanda. Ndovu akala, akalala, akala tena. Na moshi, polepole, ukainuka kama mgeni anayeaga.

Asubuhi moja mtoto wa Ndovu akaamka, asikohoe. Akasimama mlangoni.

"Baba, kile cheupe kilichokaa juu ya mawingu ni nini?"

Ndovu akatazama. Alikuwa amekisahau. "Ni mlima, mwanangu."

"Ulikuwa wapi?"

Ndovu akamgeukia Bi Pimbi, aliyekuwa akitua chungu. "Kumbe mmeshahama?"

"Sote tupo, baba. Tazama." Miambani vichwa, vichwa, na katikati yao kijimoshi kimoja, chembamba kama uzi wa buibui. "Uliohama ni moto wako."

Ndovu akayapapasa kwa mkonga majivu baridi ya langoni.

"Basi kaeni, bibi. Lakini masikio yangu nitayakausha kwa nini?"

"Jua limerudi, baba."

Moshi, wajukuu zangu, hauhesabiwi kwa vichwa, huulizwa jikoni. Nami hadithi yangu nimeifunika majivu, ilale.