Kiti cha Gaudensia

"Usikate kiti usichokikalia."

Nimewasikia mkicheka. Msinikatalie, nimewasikia! Mzee Filimoni amesimama mbele ya kikao cha ukoo, ameitamka methali hiyo kwa adabu zake zote, na nyinyi mmeinamiana mkicheka: kiti gani tena, mzee anazeeka vibaya. Haya, njooni hapa jikoni. Wewe shika kisu umenye viazi, na wewe chochea moto huo, usinitazame tu. Mnadhani methali zote zilitungwa na wahenga waliokufa zamani? Hiyo nilikuwepo ilipozaliwa. Ilizaliwa kwa sababu ya pikipiki, na aliyesababisha ni babu yenu.

Babu yenu Ponsiano, kaka yangu wa tumbo moja, Mungu amrehemu, alikuwa na pikipiki ya Kitaliano. Aliachiwa na bruda mmoja wa misheni aliyerudi kwao kuzeeka, maana Ponsiano ndiye aliyekuwa akimsaidia kuitunza. Sisi tuliiita Guzi. Ilikuwa nyekundu, silinda yake moja imelala badala ya kusimama, na ubavuni kulikuwa na gurudumu zito la chuma lililozunguka nje ya injini, watu wote wanaliona. Haikupiga makelele kama hizi zenu. Ilisema du, du, du, taratibu, ukaisikia muda mrefu kabla haijatokeza kwenye ukungu.

Bibi yenu Gaudensia, wifi yangu, alikuwa mchuma chai. Siku moja lori la wachumaji likapinduka, nyonga yake ya kushoto ikavunjika, ikaja kuunga vibaya. Mguu ule haukukunjika tena mpaka leo, si mnamwona? Sasa mama yake mzazi alikuwa kipofu, anaishi ng'ambo ya bonde, huko kwenye mlima ambao mzima wa miguu miwili anaupanda akihema. Binti alikuwa huyo mmoja tu. Mtoto wa kiume alikuwepo, lakini yule alikuwa wa ulanzi, pombe ya mianzi: asubuhi ulanzi, jioni ulanzi. Nani amwogeshe mama? Nani amkate kucha, amfulie, ampikie chakula cha kueleweka?

Hapo nitamsifu kaka yangu, kwa sababu anastahili. Alichukua springi za kiti cha lori bovu, akaziwamba ngozi ya mbuzi, akachomelea egemeo la mgongo, na upande wa kushoto akaweka chuma kirefu cha kulazia mguu. Kile kiti kilikuwa kibaya, sikatai. Kilikaa nyuma ya Guzi kama kuku aliyeatamia. Lakini Gaudensia alikikalia kila Jumamosi, mguu umenyooka, kapu mapajani, wakavuka bonde. Mama yake akiisikia du, du, du, anatandika mkeka, anatoka uani na kwenda moja kwa moja nyuma ya pikipiki bila kuongozwa na mtu. Anakipapasa kile chuma, anaushika mguu wa mwanawe, anamsaidia kushuka. Ndivyo walivyosalimiana, miaka yote.

Basi Guzi ikafa njiani. Pistoni ilikwama, injini ikafunga kabisa. Ponsiano akaipakia kwenye lori akaipeleka Mafinga kwa fundi aitwaye Kastori, aliyesifika kwa kufufua pikipiki za zamani za Wataliano. Sisemi Kastori hakujua kazi. Alijua! Aliifungua Guzi yote mpaka nati ya mwisho, akaloweka vyuma kwenye dizeli, akatafuta pistoni mpaka ikaagizwa kutoka hukohuko Italia, akakitengeneza kibao cha klachi kwa mkono wake. Kazi ikachukua miezi. Gaudensia alivumilia. Kila Jumamosi alikaa mlangoni akitazama ng'ambo, akisema, "Guzi ikipona nitakwenda." Akatuma watu wamwambie mama yake hivyohivyo. Na mikono yake haikukaa bure: alinunua kitambaa kizito cha kijani, akashona vazi jipya la kile kiti, na pembeni akatarizi maua. Mguu ulimuuma, mama alikuwa anakaa mchafu huko ng'ambo, naye anatarizi maua! Nikikumbuka maua yale nataka kumpiga mtu.

Kumbe kule Mafinga mambo yamegeuka. Kulikuwa na watu wa mjini wenye pikipiki kuukuu, wanaandaa maonyesho Iringa. Kastori akamwambia kaka yangu, "Bwana Ponsiano, ukiniachia niirembe hii, hakuna atakayetushinda. Tuifanye kama zile za mashindano za Kitaliano: usukani uwe chini, mkia mfupi, kiti kimoja cha dereva basi. Hayo madude ya kienyeji ya nyuma tuyaondoe." Akamwonyesha na picha za mashindano hayo. Kichwa cha kaka yangu kikavimba. Mwanamume akionyeshwa picha yake mwenyewe akipigiwa makofi, hasikii tena la mtu! Akasema, "Kata." Hakusema ngoja niulize nyumbani. Wakashika grenda, wakakikata kiti na chuma cha mguu, wakakata hata fremu ya nyuma, wakaifunika kwa mkia wa bati uliochongwa ukachongeka.

Siku aliyoirudisha nyumbani nilikuwepo. Tulisikia du, du, du, Gaudensia akanyanyuka na fimbo yake kabla ya mtu yeyote, lile vazi la kijani liko begani. Majirani wakajaa uani. Ponsiano akaingia amelala juu ya usukani, amevaa miwani myeusi, na Kastori anafuata nyuma kwa gari la rafiki yake aje kusifiwa. Na kweli Guzi ilikuwa inang'aa. Rangi ile nyekundu ungejitazama ukachana nywele. Watu wakapiga vigelegele.

Gaudensia akaizunguka. Akapita mbele, akapita ubavuni, akafika nyuma akasimama. Akarudi akaizunguka tena, kama mtu aliyeangusha kitu. Vigelegele vikafifia.

"Baba Remi," akasema, "nikae wapi?"

Ponsiano akavua miwani. "Mke wangu, kwanza itazame. Si nzuri?"

"Nzuri. Nikae wapi?"

"Haya ni mambo ya maonyesho tu. Baadaye tutaangalia utaratibu."

"Mama yangu hajaoga vizuri tangu mvua za kwanza, Baba Remi. Nimekuuliza nikae wapi."

Kastori akaona amsaidie mwenzake. Akacheka kidogo, akasema, "Mama, hii sasa ni pikipiki ya mashindano. Haibebi mizigo."

Mizigo! Yesu na Maria! Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Nilikuwa na mwiko wa ugali mkononi, na nawashukuru walionishika. Nikawapa vidonge vyao mmoja mmoja. Nikamwambia, "Kastori, huyo unayemwita mzigo ndiye aliyekutumia viazi na chai kwa miezi yote hiyo ili ufanye kazi umeshiba! Na wewe Ponsiano, umenyamaza? Mkeo anaitwa mzigo uani kwako, wewe unafuta vumbi kwenye tangi?"  Watu husema wifi na wifi hawapatani. Siku ile nilimchukia wa damu yangu nikasimama na wa ndoa.

"Kiti changu kiko wapi?" Gaudensia akauliza.

Kastori akababaika. "Kipo karakana."

"Kinafanya nini?"

Kastori akageukia taa ya pikipiki akaifuta. Ikabidi yule rafiki mwenye gari aseme, na alisema akitazama chini: "Fundi hukikalia akiwa kazini. Anasema kinampumzisha kiuno."

Gaudensia hakulia wala hakufoka. Alilikunja lile vazi mara nne, akaingia ndani. Toka hapo hakumsemesha mumewe hata neno la chumvi. Nami nikahamia pale, nikakaa katikati yao na hasira zangu.

Jumamosi ya maonyesho ikafika. Ponsiano akaondoka asubuhi, amepaka mafuta mpaka viatu. Lakini dhamiri ilikuwa inamla, nadhani, kwa sababu alipitia kwanza ng'ambo kwa mkwewe na kilo mbili za sukari. Mimi sikuwepo, ila waliokuwepo walinieleza, na yeye mwenyewe alikuja kukiri.

Mama mkwe akaisikia Guzi kutoka mbali. Miezi yote ile hakuisikia! Akatandika mkeka. Akajifunga khanga safi, akatoka akitabasamu, mikono mbele, akaenda moja kwa moja nyuma ya pikipiki kama kawaida yake. Ponsiano alikuwa ameshashuka, amesimama mbali, maana mkwe hasogelewi ovyo. Mama akanyoosha mkono kutafuta chuma cha mguu. Hakuna. Akapapasa juu zaidi atafute ngozi ya mbuzi. Akagusa bati, laini, baridi. Akapapasa huku na huku, akashika gurudumu, akaungua mkono kwenye ekzosi.

"Mwanangu yuko wapi?" akauliza.

Kaka yangu akazidi kuikumbatia sukari yake. Angesema nini? Angemwambiaje mama mkwe kwamba amekata kiti cha binti yake ili apigiwe makofi Iringa? 

"Ponsiano, mwanangu yuko wapi? Kiti chake kiko wapi?"

"Mama," akasema, "kiti... tulikiondoa."

Basi. Kwa mama asiyeona, aliyesubiri miezi na miezi akiambiwa pikipiki inatengenezwa, pikipiki inatengenezwa, halafu inakuja na kiti cha mwanawe kimeondolewa, na mkwe anagugumia, mlitaka aelewe nini? Alipiga yowe lililoshuka bonde lote. "Mmenificha! Gaude amekufa, mmenificha kwa sababu sina macho!" Ponsiano akapaza sauti kwamba yuko hai, yuko nyumbani. Nani angemsikia? Mama anajigaragaza, majirani wameanza kulia, yule mwana wa ulanzi ametoka nje analia kuliko wote.

Sisi huku tulikuwa tunapembua maharage, mimi na wifi. Tukaona wanawake wanaingia uani, mmoja ana kuni kichwani, mwingine ana unga, khanga zimefungwa viunoni, wanalia kwa sauti. Wakatukuta. Wakasimama.

"Nani amekufa?" Gaudensia akauliza.

Wakatazamana. Mwenye kuni akazitua akasema, "Wewe."

Mnacheka? Chekeni. Sisi hatukucheka. Tulipopata habari kamili Gaudensia alisimama akasema neno moja tu: "Mama." Presha ya mama yake tuliijua. Yowe lile lingeweza kumuua kweli. Akataka kwenda, sasa aende na nini? Kiti kiko chini ya makalio ya fundi! Vijana wanne wakakata miti, wakafunga mablanketi, wakatengeneza machela. Bibi yenu, mzima, anapumua, akavushwa bonde juu ya machela kama wanavyobebwa maiti, amekaa wima, uso mkavu, na lile vazi la kijani kalishika mkononi. Kila tuliyekutana naye njiani alivua kofia, kisha akaruka kwa hofu. Mimi nilitembea pembeni nikimlaani kaka yangu kwa kila jiwe nililolikanyaga.

Tulimkuta mama kwenye mkeka uleule aliomtandikia mwanawe, sauti imekauka. Wakaiteremsha machela karibu yake. Akaupapasa ule mguu usiokunjika, juu mpaka chini, akaupapasa tena. Akanyamaza.  Akakaa hivyo ameushika mpaka pumzi zikamtulia. Ndipo akageuza uso upande aliosimama Ponsiano.

"Nani amekata kiti?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe ulikuwa unakikalia?"

"Hapana, mama."

"Wewe hukaa mbele."

"Ndiyo, mama."

"Basi usikate kiti usichokikalia."

 Aliomba maji ya moto, kisha bibi yenu akamwogesha mama yake mbele ya waombolezaji wote waliosimama hawajui waondoke au wabaki. Maonyesho yalifanyika Iringa bila Guzi. Wiki ileile Kastori aliletwa na mitungi yake ya gesi, akakichomelea kiti mahali pake akiwa amepiga magoti, na mimi nimesimama juu yake na mwiko wangu. Ile alama ya kuchomelea haikupona. Rangi ilipakwa na kupakwa, bado ilitokeza chini yake. Gaudensia alikivisha kiti lile vazi la maua, akapanda, wakaenda. Lakini kuzungumza na mumewe alianza baadaye sana, na sikumlaumu hata siku moja.

Haya, viazi vimekwisha? Sasa nijibuni mimi. Mmetoka mjini na ramani zenu. Mmepima uani kwa hatua, mmekubaliana kwenye kikao kwamba jiko hili la zamani libomolewe, mpate nafasi ya kuegesha magari Krismasi. Mnasema limejaa moshi, linaharibu sura ya nyumba. Mzee Filimoni ametamka methali yake, mmemcheka. Tazameni pale ukutani. Ile kamba iliyofungwa kwenye boriti mnajua ni ya nini? Na lile gogo refu kando ya mafiga? Bibi yenu Gaudensia huishika kamba ile akisimama, na kwenye gogo lile hulaza mguu wake akipika. Hilo jiko la gesi la kusimama mnalotaka kumletea atalitumiaje?

Mmemuuliza? Nimewauliza, mmemuuliza?

Yuko pale nje anaanika mahindi. Nendeni, na mkifika mchuchumae, msiongee naye mmesimama. Usikate kiti usichokikalia.