Kofia ya Babu Juu ya Mkulo

Nilikuwapo. Nilikaa tawi la pili, na asiyeamini akauulize mti, haujaenda popote.

Bibi Nakijwa wa Upareni alikuwa na wajukuu watatu. Kajiru alijaliwa mikono: fundo lake hata mwenyewe alilifungua kwa kulibembeleza. Senzia alijaliwa macho: aliwaona siafu wangali wanafikiria kutoka. Namkunda alijaliwa mdomo, na mdomo ule ulimchekesha hata mfiwa.

Asubuhi moja bibi aliwapeleka msituni, kwenye mti mkubwa wa mkulo ambapo marehemu mumewe alikuwa akitundika mizinga ya nyuki. Miaka arobaini mzee yule alidai kwamba kutoka tawi la juu aliuona Mlima Kilimanjaro. Miaka arobaini bibi alimwita mwongo. Sasa alitaka kuhakikisha kabla magoti hayajamsusa.

"Atakayenifikisha," alisema, akifungua kanga na kutoa kofia ya babu, "namvika hii, na ndiye peke yake nitakayemwita mume wangu."

"Na mimi je?" akauliza Namkunda.

"Wewe ni mke mwenzangu. Ukishinda utavaa, watu wazoee."

Kajiru akatangulia juu na kamba, ncha ya pili kiunoni mwa bibi. Mguu wa bibi ukateleza. Bibi akaning'inia kama mkungu wa ndizi, fundo likashika.

Katikati ya mti Senzia akasema, "Bibi, hapo usikanyage." Tawi lilionekana zima kabisa. Akaligonga kwa fimbo, likakatika, wakalisikiliza likienda chini kwa muda mrefu. Akamwonyesha jingine.

Limebaki tawi moja, bibi akatazama chini. Akaukumbatia mti, akafumba macho. "Nishusheni. Mzee alikuwa mwongo, yamekwisha." Kamba ikavutwa, hakubanduka. Akaonyeshwa pa kukanyaga, hakutazama. Namkunda akamnong'oneza, "Mke mwenzangu, mume wetu huko aliko anakucheka."

Bibi akafumbua jicho moja. "Ananicheka?"

"Kajishika mbavu."

Bibi akalimaliza tawi lile kwa hasira.

Mlima ulikuwapo, kilele cheupe. Bibi akaipangusa kofia vumbi lisilokuwapo. "Nimemwonea," akasema.

Ndipo ubishi ukaanza.

"Bila kamba yangu angekuwa chini," akasema Kajiru.

"Bila macho yangu angekuwa chini na kamba yako," akasema Senzia.

"Na bila mimi mngekuwa bado mnambandua," akasema Namkunda.

Bibi akaijaribisha kofia vichwani mwao. Ikawakaa wote watatu sawasawa. Kuikata hawezi, ni ya mzee. "Basi sishuki," akasema, "mpaka nimjue mume wangu." Na chini makande yanapoa.

Je, wewe ungemvika nani?

Fikiri, usikimbilie. Na kwa kuwa mimi si mwongo kama wanavyonisingizia, niungame moja: hilo la kofia kuwakaa wote nimelitia mwenyewe. Ilimkaa mmoja tu. Ningemtaja, mngeacha kichwa chake kiamue badala ya vyenu.