Mwizi wa Kuni za Luvanda

Asiyeziba nyufa huukokea upepo moto. Maneno hayo nimemwambia Tulizo sasa hivi, alipotupia gogo la tatu motoni huku mlango ameuacha wazi, nanyi wote mmecheka kana kwamba nimeyatunga papo hapo. Sikuyatunga mimi. Methali hii ina siku yake, na ina mtu aliyeaibika ili nyinyi mpate kuisema. Fungeni huo mlango kwanza, halafu mnisikilize, maana nikifika kwenye moshi huwa siwezi kutulia kitako.

Ilianza hivi. Katika kijiji hiki hiki cha Ihanja, ambako kipupwe kikiingia sakitu, ule umande ulioganda ukawa mweupe, hulala juu ya majani ya viazi hadi saa tatu asubuhi, paliishi mkata kuni aitwaye Luvanda. Jamani, mtu yule alikuwa na nguvu! Gogo lililowashinda wenzake siku nzima, yeye alilipasua kabla jasho halijamfika kidevuni. Alipomwoa Sikitu alijenga nyumba ya miti, akaikandika udongo haraka haraka. Sasa, desturi ya hapa ilikuwa kwamba udongo wa kwanza ukikauka na kupasuka, mwenye nyumba huwaita wanawake wa kijiji waje kuisiriba, yaani kuipaka udongo wa pili, laini, uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, mpaka nyufa zote zizibike. Siku hiyo mwanamume ndiye anayewapikia, kwa mikono yake mwenyewe. Hapo ndipo Luvanda alipokataa.

"Mimi nikae nimenye viazi, wanawake wananitazama?" alisema. "Nyufa ni shida ya watu wasio na kuni. Mimi nitawasha moto."

Basi hakuwaita. Alikata kuni mpaka rundo lake likapita paa. Na ilikuwa lazima zitoshe, kwa sababu sakitu ya kwanza ikianguka wazee waliufunga msitu, na hakuna shoka lililoingia tena mpaka kipupwe kiishe. Kila nyumba iliishi kwa rundo lake.

Kipupwe kikaingia, na Sikitu akajifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake. Kalikuwa katoto kadogo, kanaenea kwenye kofia. Mkunga alisema neno moja tu: mtoto huyu apate joto, la sivyo hatuna mtoto. Luvanda akawasha moto, moto kweli! Lakini aliyeuota aliungua magoti huku mgongo ukiganda. Akaongeza kuni. Miguu ya mtoto bado ilikuwa ya baridi. Akaongeza tena. Kipupwe hakijafika nusu, rundo lililopita paa likawa linamfika magotini.

"Kuna mwizi," alisema. Alilisema hilo kisimani, akalisema sokoni, na watu wengine wakaanza kumtupia jicho jirani yake Bi Tumwimbile, mjane ambaye rundo lake lilikuwa dogo tangu mwanzo lakini nyumba yake ilikuwa na joto siku zote. Luvanda akamwaga majivu kuzunguka kuni zake ili apate nyayo za mwizi. Asubuhi akakimbia kutazama. Nyayo zilikuwepo! Kubwa, zenye kidole gumba kilichopinda. Akapiga ukelele, kijiji kizima kikaja mbio. Watu wakazitazama zile nyayo, kisha wakaitazama miguu ya Luvanda, kisha wakageukia pembeni wasije wakacheka.

Mama mkwe wake hakuwa na kicheko. Alikuwa amepanda kutoka bondeni siku mbili nzima baada ya kusikia habari za mtoto.

"Mkwe wangu," alisema, "sina ugomvi nawe. Lakini jua likizama leo nyumba hii ikiwa bado na baridi, kesho namchukua binti yangu na mjukuu wangu tushuke bondeni."

Njia ya bondeni hupita kwenye mgongo wa mlima, mahali pasipo na mti wala jiwe la kukinga upepo, na kila mtu alijua katoto kale kasingefika. Kukaa ni kifo, kuondoka ni kifo. Luvanda, mtu wa nguvu zake, alisimama mbele ya mama mkwe ameinamisha kichwa.

Ndipo Bi Tumwimbile aliposogea. "Mwanangu Luvanda, unamtaka mwizi wako?"

"Namtaka, mama!"

"Nitakuonyesha mchana huu huu. Mtoto na mama yake waende kwangu wakapate joto. Wewe nikatie nyasi mbichi."

Akaingia nyumbani kwa Luvanda, akaziweka zile nyasi juu ya makaa, akalifunika tundu la moshi kwa ungo, akatoka na kuufunga mlango. "Izungukeni nyumba," alisema. "Mtakayemwona anatoka, pigeni kelele."

Wanangu nyinyi! Walisubiri kidogo tu. Uzi wa moshi ukatoka kwenye kona.

"Huyo hapa!"

"Na hapa, chini ya dirisha!"

"Huku wako watano!"

Nyumba nzima ilifuka kama chungu cha viazi kinachochemka. Watoto walirukaruka wakionyesha kwa vidole, wazee walisahau fimbo zao, na Luvanda alikimbia huku na huko akiziba kwa viganja. Akiziba hapa, moshi unatokea pale. Mikono ni miwili, nyufa hazihesabiki.

"Panapotoka moshi ndipo joto linapotoka," Bi Tumwimbile akamwambia. "Hukuibiwa, mwanangu. Umekata, umebeba, umewasha, na aliyeota ni upepo. Mwezi mzima umeukokea upepo moto."

Angeweza kukasirika. Wanaume wengi wangekasirika. Luvanda alilitazama jua, ambalo lilikuwa limeshavuka utosi, akaingia ndani akatoka na kisu na gunia la viazi, akaketi chini mbele ya watu wote.

"Mama zangu," alisema, "nimekosa. Nisiribieni nyumba. Nitamenya hadi kiazi cha mwisho."

Vigelegele! Udongo ukachimbwa, samadi ikaletwa, miguu ikakanyaga, mikono ikapaka. Waliopaka ndani walikohoa na kucheka.

"Mkata kuni!" mmoja alimwita. "Unamenya kiazi au unachonga mpini?"

Viazi vilipoiva, naye akaingia kwenye udongo hadi viwikoni. Wakasokota nyasi wakazisindilia chini ya paa, wakatundika mkeka nyuma ya mlango. Kwa ile bidii yake Luvanda akapanda kuziba hata tundu la moshi, Bi Tumwimbile akapiga kelele, "Shuka! Unataka kuwaua? Moshi nao una mlango wake!"

Jua likagusa mlima. Mama mkwe akaingia na mtoto, na makusudi kabisa akaketi mbali na moto, mgongo ukutani. Motoni palikuwa na gogo moja tu. Watu walijaza ua. Akangoja. Akafunua shuka la kwanza. Akangoja tena, akafunua la pili. Akaingiza mkono mgongoni kwa mtoto.

"Jamani," alisema, akauinua mkono uliolowa. "Mjukuu wangu anatoka jasho."

Luvanda alilia mbele ya kijiji kizima. Kuni zile zilizomfika magotini zilimfikisha mwisho wa kipupwe, na zikabaki za kumpelekea Bi Tumwimbile.

Sasa, Tulizo, ingia chumbani kwangu. Papasa ukuta nyuma ya kitanda, utakuta alama ya kiganja kwenye udongo, kikubwa kuliko chako mara mbili. Hicho ni cha Luvanda, baba yangu. Jasho lile lilikuwa langu. Baridi ile siikumbuki, ila namkumbuka baba akiwaita wanawake kila mwaka kabla ya sakitu ya kwanza, anamenya viazi mwenyewe, na hadi anakufa hakujua kumenya maganda membamba.

Mbona umesimama, Tulizo? Ahaa, unasindilia gunia chini ya mlango. Hata sijakutuma. Basi umeielewa: asiyeziba nyufa huukokea upepo moto.