Udi wa Sultani Jabiri

Hapo zamani, watu walipomcha mfalme kuliko walivyoicha haki, palikuwa na Sultani aliyeitwa Jabiri, tajiri wa mchele na maskini wa akili. Akanunua foklifti mbili za kunyanyulia magunia. Moja ilikunywa dizeli, ikanguruma na kutoa moshi mweusi. Ya pili ilikula umeme, haina kelele wala moshi, ila ikichoka sharti ipumzishwe kwenye chaji.

Mwenye akili angeiacha ya dizeli uani, penye upepo na matope, na ya umeme angeiingiza ghalani. Jabiri akafanya kinyume.

"Mashine isiyonguruma ni mgonjwa, itupwe uani," alisema. "Hii yenye sauti ya simba ikae ghalani, isinyeshewe. Na milango ifungwe, maana wachukuzi ni wezi."

Basi ya umeme ikazama matopeni kwa vigurudumu vyake, Sultani akaicheka kana kwamba kosa ni lake. Na huko ghalani wachukuzi wakakohoa mpaka machozi yakawatoka.

Siku moja mchukuzi mmoja, Vuai, akaanguka. Alipotolewa nje akasema, "Moshi huu utatuua." Waziri Kutubu, ambaye kazi yake ilikuwa kujipendekeza na mshahara akaupata, akakimbilia barazani.

"Ewe bwana wetu, mchukuzi anaitukana mashine yako! Kitokacho kwa Sultani si moshi, ni udi."

Sultani akapendezwa mno na upumbavu huo, akaamuru ipigwe mbiu: ule ni udi, na atakayeuita moshi atafukuzwa nchini. Vuai akatiwa gerezani kungoja safari, amwache mkewe na mtoto mchanga.

Vuai alikuwa na kaka, jina lake Mwadini, mtu asiye na mbele wala nyuma, mjini wakimwita punguani. Akaenda barazani, akapiga magoti.

"Bwana wangu, nimekuja kumwombea ndugu yangu."

"Nduguyo atatoka siku nitakapouita moshi kwa kinywa changu mwenyewe," akasema Sultani. "Na usiponifanya niuite, utafukuzwa pamoja naye."

Baraza zima likacheka. Mwadini naye akacheka.

"Nimeridhika, bwana wangu. Wala sikuja kubishana, udi ni udi. Ila naona uchungu, udi wote huu wafukiziwa magunia! Keshokutwa ni Idi. Desturi yetu mgeni hufukizwa, na joho la mwenye nyumba huanza. Niruhusu nikufukizie. Au udi huu haumfai Sultani?"

Sultani akamtazama Waziri, Waziri akatazama mkeka. Ikawa hapana pa kutokea.

"Wanifaa," akasema Sultani.

Siku ya Idi, wageni walipokwisha kuketi na kanzu zao nyeupe, Mwadini akaiingiza foklifti ya dizeli ukumbini, joho la Sultani likining'inia kwenye meno ya chuma ya mashine. Akafunga milango na madirisha kwa makomeo, harufu isipotee. Kisha akajiziba pua kwa kikoi, akapanda, akakanyaga mafuta.

Ukumbi ukawa mweusi. Kadhi akakohoa, mabalozi wakajifunika vilemba.

"Harufu... nzuri," akasema Waziri, akatapika.

Sultani akainuka. "Yatosha!"

"Bado, bwana wangu, joho halijashika," akajibu Mwadini, akakanyaga tena.

Sultani akayaendea makomeo kwa kupapasa, asiyaone. Hapo akasahau mbiu, akasahau ufalme, akapiga ukelele: "Moshi! Fungueni! Nakufa kwa moshi!"

Mwadini akaizima mashine.

"Nani kasema moshi?" akauliza.

Wageni wote walikwisha kusikia. Mwadini akafungua milango, na Sultani Jabiri akaonekana amekaa kizingitini, uso umejaa masizi, hana pa kuuficha.

Vuai akala Idi na mkewe jioni ile ile. Foklifti ya umeme ikaoshwa matope, ikaingizwa ghalani. Ya dizeli ikapelekwa uani, ingurume na upepo. Sultani akamgeukia Waziri.

"Si ulisema ni udi?"

"Ulikuwa udi, bwana wangu," akasema Kutubu, "mpaka ulipokufikia."

Tangu hapo, kila Waziri akianza kusifu jambo barazani, wachukuzi humwambia toka mlangoni, "Bwana, ingia nalo ndani kwanza, tukufungie."